Kumbatio Lililokataa Kuingia Pichani

Hivi karibuni, kwenye Komunyo ya kwanza ya mwanangu wa mwisho, kijana mpiga picha alitukumbatisha mara tisa. Nilihesabu. "Mama, mkumbatie tena. Shavu kwa shavu. Usiangalie chini. Sasa kama vile hamjaonana siku nyingi!" Tulikuwa tumetoka nyumba moja asubuhi ileile, tumegombania beseni moja la kuogea, halafu natakiwa nimkumbatie kama aliyerudi kutoka vitani. Mara ya tano mgongo ulianza kuuma. Mara ya saba mtoto akaninong'oneza, "Mama, mimi nimechoka kukumbatiwa." Jioni kijana akanitumia zile picha kwenye simu, na katika zote tisa naonekana kama mtu anayejaribu kunyanyua gunia la mpunga peke yake.

Sikumgombeza. Nilitamani, lakini sikumgombeza, kwa sababu kile alichokuwa anakitafuta nakijua. Nami nilikitafuta nilipokuwa na umri wa mwanangu, hapahapa Ifakara, nikawachosha watu wazima wote wa nyumbani nao wakanichosha mimi. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Watoto wetu inabidi waelezwe.

Zamani zile picha haikuwa jambo la kukumbatiana. Ilikuwa jambo la kusimama. Ulisimama wima, mikono ubavuni, uso umeufunga, ukaingia pichani mzimamzima kuanzia nywele mpaka viatu. Viatu hasa. Picha iliyokata miguu ilihesabiwa nusu picha, na mpiga picha aliyekukata miguu aliambiwa arudie bure. Ndiyo maana wapiga picha wetu walirudi nyuma, wakarudi, wakarudi, mpaka wengine wakakanyaga kuku. Na ndiyo maana katika albamu za kwetu sote ni wadogo, tuko mbali, tumekasirika, na viatu vinaonekana safi kabisa.

Mama yangu alikuwa mkulima wa mpunga, kama mama za wengi wetu. Kwa asiyejua kilimo hiki nieleze kidogo. Mpunga ukishachanua, punje zinaanza kujaa maji meupe kama maziwa, na hapo ndipo kweleakwelea, wale ndege wadogo, wanapokuja. Hawaji mmoja mmoja. Wanakuja kama wingu, wanatua, na wingu likiinuka limebaki bua tupu. Kwa hiyo lazima mtu awepo shambani tangu alfajiri mpaka jua lizame, akae juu ya dungu, lile jukwaa la miti, apige kelele, avute kamba zenye makopo, arushe udongo kwa kombeo. Tunaita kuamia ndege. Mama alihamia huko kila mwaka, kwenye kibanda karibu na mto, na hakurudi mpaka mavuno. Mimi nilibaki mjini, mtaa wa Mlabani, na Bibi, mama yake mama, ili nisiache shule.

Mwaka mmoja kabla ya Komunyo yangu, mama akiwa shambani, nilikaa darasani nikajaribu kuuona uso wake kichwani nikashindwa. Niliiona kanga yake. Niliiona mikono yake, hata kovu la mundu kwenye kidole. Uso haukuja. Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikisema, basi utapotea kabisa. Nikaamua tu kwamba asiondoke tena bila kuniachia picha.

Lakini si picha yoyote. Kwenye chumba tulichofundishiwa katekisimu palikuwa na kalenda kuukuu ukutani. Mwaka wake ulikuwa umekwisha zamani, ila hakuna aliyeiondoa kwa sababu ya ile picha: mama mmoja amemkumbatia mtoto wake, mashavu yamegusana, macho wameyafumba. Tulianza mafundisho akiwa amemkumbatia, mvua zikaja akiwa amemkumbatia, na tulipomaliza alikuwa bado hajamwachia. Nikawaza kwa akili yangu ya miaka tisa: kumbe mtu akikukumbatia pichani, haachii. Nikajua ninachotaka. Mama anikumbatie pichani, halafu aende zake kuamia ndege mpaka atakapotaka, atakuwa bado amenishika.

Siku ya Komunyo nilivaa gauni jeupe la rafiki yangu Skola, aliyenitangulia mwaka mmoja. Mama yake alituazima kwa masharti: lirudi jioni, lirudi jeupe, lirudi bila mkunjo, kwa sababu kuna binamu anayelisubiri. Skola alikuwa na mwili kunishinda, kwa hiyo gauni lilinining'inia kama pazia. Viatu tu vilikuwa vyangu, vipya, mama alivinunua mwenyewe.

Baada ya misa akaja Damasi na baiskeli yake. Damasi alikuwa mpiga picha wa mtaa wetu, mwembamba, mpole, kamera ikimning'inia kifuani. Akasema mkanda wa kamera yake umebakiza picha mbili tu.

"Mama," nikasema, "nikumbatie."

"Nikufanyeje?"

"Unikumbatie. Kwenye picha."

Mama akamtazama Bibi. Bibi akawatazama kuku.

"Hili gauni la watu, mwanangu. Likijikunja nitamwambia nini mama Skola?"

"Kidogo tu."

"Na viatu? Nimekununulia viatu, vitaonekana wapi tukishabanana kama vifaranga?"

"Mama anasema kweli," Damasi akaingilia, huku anarudi nyuma. "Mkikumbatiana mimi huku naona kisogo. Mtu hawezi kulipia kisogo."

"Kwani picha ni yako?" nikamuuliza.

"Hee! Mtoto amepokea Yesu asubuhi, saa sita kaanza kiburi," Bibi akasema.

Mama akanisimamisha kando yake. Kwa kuwa gauni lilikuwa limelegea, alilikusanya lote kwa nyuma, akalifumbata kwa ngumi ili kwa mbele nionekane nimeshonewa mimi. Ile ngumi ilinikaa katikati ya mgongo kama jiwe. Mkono wake mwingine aliunyoosha ubavuni. "Simama wima," akasema bila kusogeza midomo. "Usicheke, hii ni sakramenti." Nilipojaribu kumwegemea, ngumi ilinisukuma nikarudi wima. Damasi akapiga ya kwanza. Nikasema bado. Akapiga ya pili. Nikasema bado, bado! Akasema mkanda umekwisha.

Kesho yake asubuhi Mjomba Kasiani, mdogo wake mama, alifunga mkeka, sufuria na mfuko wa chumvi kwenye baiskeli, na mama akaondoka. Maneno yake ya kuaga yalikuwa kwamba nisimwache Bibi achote maji mwenyewe, na nikikosa hesabu nisifute kwa mate, nitachana daftari.

Zilipita kama wiki mbili. Picha zilikuwa zinasafishwa Morogoro; mkanda ulikwenda kwa basi na kurudi kwa basi. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali, Damasi alikuwa anasafishisha mkanda kwanza, kisha anauleta kwa mteja, unaushika kwenye mwanga, unachagua ipi ikachapwe. Siku aliyoleta wa kwetu nilimpokonya kabla Bibi hajavaa miwani. Nikauinua kwenye jua.

Nilipiga yowe. Mama alikuwa na nywele nyeupe, midomo myeupe, macho yanawaka. Mimi nilikuwa nimevaa gauni jeusi. Na gauni jeusi nililijua; nililiona kwa mama mmoja jirani mwaka mzima baada ya mume wake kuzikwa.

"Mama amekufa!"

"Nani amekufa?" Bibi akatoka na mwiko mkononi.

"Tulia, tulia," Damasi akasema. Alikuwa na subira yule kaka. Akachuchumaa, akanieleza kwamba mwanga ukiingia kwenye mkanda unaunguza kidogo, kwa hiyo palipokuwa na mwanga mwingi, kama gauni, panakuwa peusi, na palipokuwa na giza, kama nywele, panabaki peupe. Kisha wanapochapa kwenye karatasi, mambo yanageuka tena.

"Humu ndani kila kitu ni kinyume," akasema. "Karatasi ndiyo inageuza."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Mtu mzima angemwelewa. Mimi nilimwelewa zaidi ya alivyosema. Niliutazama tena ule mkanda kwa furaha. Nyeusi itakuwa nyeupe. Nyeupe itakuwa nyeusi. Mama amesimama kando, mkono ameunyoosha, hajanigusa, amenuna. Basi kwenye karatasi, mama atakuwa amenikumbatia. Hesabu ilikuwa nyepesi kiasi kwamba nilishangaa kwa nini hakunieleza mapema, siku ileile, nisigombane na watu.

Mkanda ukarudi Morogoro kuchapwa, nami nikamwambia Skola. Nikawaambia na wengine. Nikasema ninayo picha inakuja kutoka Morogoro, mama yangu amenikumbatia mashavu yamegusana, kama ya kalenda.

"Mama yako yule?" Skola akasema. "Mimi nilikuwepo, nilikuwa nalilinda gauni letu. Alikusimamisha kama nguzo."

"Hujui picha. Kwenye mkanda ni kinyume."

"Kwa hiyo mama yako anakupenda kinyume?"

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Sikujali. Nilisubiri basi la Morogoro kama wengine wanavyosubiri Krismasi. Nilichota maji bila kutumwa. Bibi akaanza kuniangalia kwa wasiwasi, akaniuliza kama nina homa.

Damasi alipokuja na bahasha, niliifungua mwenyewe. Gauni lilikuwa jeupe. Nywele za mama zilikuwa nyeusi. Viatu viling'aa. Na mama amesimama kando yangu, mkono ubavuni, uso ameufunga kama mlango wa duka siku ya Ijumaa Kuu.

"Haijageuka," nikasema.

"Imegeuka. Ona gauni."

"Haijageuka yote! Irudishe Morogoro wamalizie."

"Wamalizie nini?" Damasi akauliza. Bibi akaichukua picha, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu. "Mbona nzuri? Viatu hivi hapa. Ungependa nini tena, malaika?"

Nikaanza kulia, na kwa kulia nikaanza kueleza, na kwa kueleza nikaona nyuso zao zinavyobadilika, na hapo ndipo nilipojua kwamba nimekosea, ila nilikuwa nimekwisha kwenda mbali mno kurudi. Nikamwita Damasi mwongo. Nikamwambia arudishe hela ya Bibi. Nikasema hata kalenda ya katekista ilipigwa na mtu anayejua kazi. Damasi akasema polepole, kama mtu anayeomba radhi, kwamba mashine ya Morogoro inageuza rangi tu, watu inawaacha walivyosimama.

Hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa na uso wa mama sasa, naam, uko mkononi mwangu, siwezi tena kuupoteza. Lakini ulikuwa uso wa mtu ambaye hakutaka kunishika. Nami nilidhani picha husema kweli na sisi watu ndio tunaodanganya. Nikaamini kwamba Damasi, bila kujua, ametoa ushahidi.

Siku tatu sikula vizuri. Nilijibu hovyo. Nilifuta hesabu kwa mate nikachana daftari. Siku ya nne Bibi akamwita Mjomba Kasiani, akamwambia mbele yangu: "Jumamosi unapopeleka unga, mpeleke na huyu mke mwenzangu. Mimi mume wangu alikufa, na huyu anataka kuniua na mimi. Mwenye mtoto akamtulize mwenyewe."

Nilikwenda nimekaa kwenye keria ya baiskeli, picha iko ndani ya daftari, daftari liko ndani ya mfuko wa nailoni. Njia ilikuwa tope. Mjomba alikuwa anapanda, anashuka, anasukuma, anapanda, na kila aliposhuka aliniuliza, "Kwani hili jambo haliwezi kungoja mavuno?" Nikamwambia haliwezi. Akaguna. Tulipofika, mpunga ulikuwa umenizidi kimo, na katikati ya ule ujani nilimwona mama juu ya dungu, kanga kaifunga kichwani, anapiga kelele kwa sauti ambayo mjini hakuwahi kuitoa.

Aliponiona alishuka ngazi mbili mbili. "Bibi ana nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa," Mjomba akasema. "Mwanao ana shauri."

"Shauri gani la kukatisha shule?"

"Leo Jumamosi, mama."

"Na kazi za nyumbani? Maji anachota nani?"

Nikampa picha. Akafuta mikono kwenye kanga ya kifuani, mbele na nyuma, akaishika kwa ncha za vidole. Aliitazama muda mrefu. "Kumbe nimekonda hivi," akasema. Halafu, "Viatu vimetoka vizuri."

"Hukunikumbatia!"

Akaniangalia kama nimezungumza lugha ya ng'ambo ya mto. Nikamwaga yote: kalenda, mkanda, gauni jeusi, Skola, Morogoro. Nikamweleza na siku ile darasani ambapo uso wake haukuja. Hilo sikuwa nimepanga kulisema, lilitoka tu pamoja na mengine. Mjomba akaanza kukagua mnyororo wa baiskeli ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Hebu ngoja," mama akasema. "Kwa hiyo umemsumbua Damasi, umemsumbua mama yangu, umemtoa mjomba wako kazini, kwa sababu sikukukumbatia kwenye picha?"

"Ndiyo."

"Huu mkono wangu wa huku, mbona hauonekani? Ulikuwa wapi?"

"Umeshika gauni."

"Na ndani ya gauni alikuwa nani? Mbuzi?"

Mjomba akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka mbali, kwenye tope, na sikuja kuchukua jibu la mzaha. Nikasema kushika gauni ni kushika gauni. Nikasema alilishika ili lisichafuke, ili mama Skola asiseme. Nikasema yule wa kalenda hakuwa anashika gauni.

Mama akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu aliyehesabu magunia mara tatu na kupata hesabu tatu. Akairudisha picha ndani ya daftari, daftari ndani ya mfuko, mfuko akautundika kwenye nguzo ya dungu usilowe.

"Haya. Njoo basi."

Sikusogea. Nilishtuka kidogo.

"Njoo, nina kazi. Inafanywaje? Mikono inakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Mmoja hapa, mmoja hapa. Akachuchumaa kwenye tope ili tulingane, akaniweka mikono yote miwili, migumu, ina sugu, akanivuta. Pua yangu ilikwama kwenye kanga yake, kwenye harufu ya moshi na udongo wa mbuga na samaki mkavu. Tope lililobaki mikononi mwake lilipita kwenye blauzi yangu ya shule likaingia mgongoni, la baridi. Mwanzoni alinishika kama anavyoshika mtu kitu cha kuazima. Kisha sijui nini kilimtoka, akaacha kunishika kwa adabu. Mbavu zikaniuma. Nikausikia moyo wake, wa haraka, kama aliyetoka kukimbia.

"Imetosha?" akauliza juu ya kichwa changu.

"Bado."

Juu yetu sauti ikapita, kama mtu anayemwaga mchanga kwenye bati. Mama akanyoosha mkono mmoja, akaifikia kamba, akaivuta makopo yakalia. "Swaaa! Swaaa!" akapiga kelele sikioni mwangu kabisa, mpaka kifua chake kikanitikisa meno. Ule mkono ukarudi palepale nilipouonyesha.

"Imetosha?"

"Bado."

"Mtoto huyu," akasema. Lakini hakuwa anamwambia mtu.

Sauti ya mchanga ikarudi, safari hii nzito zaidi, nikahisi kivuli kinatupita na ubaridi wa mbawa nyingi. Mabua upande wa mtoni yakaanza kuchakacha. Mjomba akainuka kutoka kwenye mnyororo wake.

"Dada! Dada, ndege hao, wametua!"

"Nimewaona," mama akasema, wala hakuniachia.